Bondeni au Kilimani

Jumatatu, 7 Oktoba

Bombani asubuhi. Mama Happiness kanikuta na ndoo zangu, na kabla hata salamu hazijaisha akaniambia uandikishaji wa darasa la kwanza umeanza, na Happiness wake anaenda Kilimani. Kilimani! Akalitamka kama mtu anayetaja Makka, naye ni Mlutheri.

Nikamjibu kwamba sisi bado tunalinganisha.

Uongo mtupu. Mpaka dakika ile sikuwa nimelinganisha chochote. Zakia wangu ana miaka sita, na siku zote nilijua atasoma Bondeni, kwa sababu Bondeni iko hapa chini ya nyumba yetu. Kengele yao ni rimu ya lori. Ikigongwa, sufuria zangu zinaitikia jikoni. Kilimani iko ng'ambo ya kijito, juu kabisa, baada ya mikaratusi. Ukifika umesahau ulichofuata. Zote mbili za serikali. Vitabu vilevile, likizo zilezile.

Sasa mbona Raheli (ndilo jina la Mama Happiness) kachagua Kilimani? Raheli hachagui kitu kibaya. Sokoni nyanya anazigeuza zote, moja moja, zenye michubuko anamwachia mwenzake. Mwenzake ni mimi.

Mimi niliishia la saba. Mwanangu hataishia hapo. Kuanzia kesho nalinganisha kweli. Kitaalamu.

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza: adabu. Shule nzuri utaijua kwa shikamoo. Nikachukua beseni la karoti, nikakaa kando ya uzio wa Kilimani kama muuzaji. Hakuna atakayenishuku!

Wakati wa mapumziko, loo! Watoto wanapita mmoja mmoja, mikono nyuma. Shikamoo mama. Shikamoo mama. Hata wale wakubwa wa la saba wenye sauti zilizoanza kukwaruza. Niliitikia marahaba mpaka koo likakauka, ikabidi nile karoti zangu mwenyewe. Sijawahi kuheshimiwa hivyo tangu nizaliwe. Nikajikuta nimekaa wima kama mke wa mkuu wa wilaya. Karoti hakununua mtu, lakini sikuja kwa ajili ya karoti.

Mchana nikahamia Bondeni. Huko ikawa shikamoo Mama Zakia tupe karoti, yote kwa pumzi moja. Mikono ilishaingia kwenye beseni kabla sijaitikia. Mmoja akaniuliza kama jogoo wetu amepona.

Kilimani moja, Bondeni sifuri.

Jioni nikamsimulia Raheli. Akacheka mpaka akashika ukuta. Eti naye alipita kule asubuhi akaniona, na mwalimu mkuu wa Kilimani, Mwalimu Fanueli, alikuwa amesimama nyuma yangu mapumziko yote, mikono kiunoni, anazuia watoto wasinunue vitu vya nje.

Sasa zile shikamoo zilikuwa za nani? Mimi naamini angalau nusu zilikuwa zangu.

Sikukumbuka kumuuliza yeye alikuwa anatafuta nini kule.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango wa pili: masikio. Katikati ya mteremko kuna jiwe kubwa, ukikaa pale unasikia shule zote mbili. Nikaenda mapema. Ukungu wa kukata kwa panga, hata vidole vya miguu sivioni. Vizuri zaidi, nikasema. Macho yana upendeleo. Masikio ni waadilifu.

Nikasikia darasa zima linasoma jedwali la kuzidisha. Saba mara nane, hamsini na sita! Bila kukwama, bila hata mmoja kubaki nyuma. Na sauti inatoka juu! Upande wa chini kimya, mbuzi tu. Machozi yakanilenga. Nikamwona Zakia katikati yao. Nikamwona amekuwa daktari, ana koti jeupe, ananijengea nyumba yenye dari.

Saa nne ukungu ukainuka. Nikageuka kutazama.

Waliokuwa wanasoma ni Bondeni. Wako uani, mwalimu wao wa kike anawaongoza kwa mkono, na sauti yao inapanda, inagonga mwamba, inanirudia kutoka juu. Mwangwi! Na Kilimani? Kilimani walikuwa shambani kimya kimya, wanapalilia maharage ya shule.

Nimewaza sana njiani. Nimeamua hivi. Ule mwangwi ulisikika vizuri kwa sababu ya mwamba, na mwamba uko upande wa Kilimani.

Kilimani mbili.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimevaa gauni la Idi, nimepanda mpaka ofisini kwa Mwalimu Fanueli. Mpole kupita kiasi. Akanieleza kwamba wanaanza na watoto wanaoishi upande huu wa kijito, na nafasi zinakaribia kujaa. Mama anaishi upande upi?

Nikajisikia nasema tunaishi upande huuhuu. Kwa shangazi yangu Mwanaheri.

Mdomo huu! Sikuutuma!

Akafurahi. Kumbe Bi Mwanaheri ndiye anayempa maziwa, kila Jumamosi jioni huyafuata mwenyewe. Ajabu yake tu, hajawahi kuona mtoto pale. Nikasema Zakia ni mtulivu sana, haonekani. Akasema basi, Jumamosi akija kwa maziwa atamwona, wasalimiane, halafu Jumanne ataandika jina.

Nimeshuka mlima mbio. Hakuna budi, Jumamosi tunahamia kwa shangazi. Siku moja tu. Nani atajua?

Ijumaa, 11 Oktoba

Baba Zakia karudi kutoka Shume. Wiki nzima yuko huko anapasua mbao, akirudi hata nyusi zina vumbi. Nikampikia, nikamwacha ashibe, ndipo nikamwambia habari ya Kilimani. Akauliza kama Bondeni imebomoka. Nikasema hapana. Akasema mbona yeye Kassimu mwenyewe alisoma Bondeni.

Nikamtazama. 

Akasema ameona ninavyomtazama. Tukacheka wote wawili. Kassimu akicheka bega moja linapanda, lingine linabaki.

Habari ya kuhama sikumwambia. Ningemwambia angekataa, halafu nikihama ningekuwa mke asiyesikia. Sasa hivi ni mke asiyeuliza tu. Tofauti kubwa hiyo.

Nimemuuliza Zakia anataka shule ipi. Kasema ile ya Happiness. Safi kabisa! Mambo yanajipanga yenyewe.

Sweta la Kilimani ni la kijani. Nimefumua la kwangu la kijani, naanza kumfumia yeye. Mkono mmoja umekamilika. Nina baridi sana.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kassimu alipotoka kwenda kwenye kabichi zake, tukahama. Godoro kichwani, beseni la sufuria mkono huu, kuku kwapa lile, Zakia nyuma na mto wake. Ukitaka mwalimu aamini unaishi mahali, lazima aone godoro. Hilo nilikuwa nimelifikiria vizuri sana. Nisilolifikiria ni njia.

Huku kwetu humpiti mtu bila salamu, na salamu haiwi moja. Umeamkaje, watoto je, shamba je, ng'ombe je, yule mgonjwa je. Kila siku ndivyo. Ila leo watu walikuwa wanasimama. Wanatazama godoro. Wanatazama kuku. Wanauliza naelekea wapi. Nikisema kwa shangazi, sauti zinashuka. Mama mmoja kaniambia nivumilie. Mwingine kamkata kauli, eti yeye alivumilia akapata nini? Secilia wa duka la vitenge alinishika tu mkono akatikisa kichwa.

Nilidhani wananihurumia kwa uzito wa godoro. Nikawashukuru!

Shangazi alipofungua mlango, ungo ukamdondoka. Akauliza amenipiga? Nikauliza nani. Akasema mumeo!

Hapo ndipo jasho liliponitoka, na baridi yote hii. Mwanamke anayepanda kwa shangazi yake na godoro hajaenda kutembea. Kaacha mume. Nimezaliwa kwenye milima hii, jambo hilo nalijua tangu nanyonya, na bado nimebeba godoro mchana kweupe, nikapita nalo sokoni!

Nikataka kugeuza. Shangazi akaweka komeo. Binti wa kaka yake harudi bondeni mpaka wazee wakae. Nikamweleza ni habari ya shule tu. Akasema wote huanza hivyo, wanasingizia mambo madogo kwa aibu.

Naandika haya yeye anachemsha chai. Sijui kwa nini anachemsha sufuria kubwa. Nje kuna watu wanapiga hodi. Wengi.

Jumapili, 13 Oktoba

Niandike kwa utaratibu.

Wa kwanza kuingia alikuwa Baba Mkubwa Ismaili, mkubwa wa ukoo wa Kassimu. Kanzu, bakora, uso wa mazishini. Nyuma yake wazee wengine wa upande ule. Nyuma ya wazee, Kassimu. Miguu ina matope ya shamba. Hakunitazama. Habari zilimfikia kwenye kabichi kabla mimi sijafika kwa shangazi. Na nyuma ya Kassimu, ana kidumu cha maziwa mkononi, Mwalimu Fanueli!

Mwalimu kuona vile akataka kuondoka. Shangazi akamkalisha. Eti shahidi asiye ndugu ni baraka.

Baba Mkubwa akaniuliza mume wangu amekosa nini. Nikasema hajakosa. Wazee wakaguna kwa kuridhika, wakasema huyu ana heshima, hamtoi mumewe mbele za watu. Akamgeukia Kassimu, amekosa nini? Kassimu akasema hajui, lakini kama kipo, anaomba radhi. Shangazi akasema yeye anavijua. Akaanza. Kwanza, anakoroma. Pili, siku ya harusi alikula kabla ya wageni. Tatu, mwaka juzi alimpita njiani bila kumwamkia, akasingizia ukungu. Kassimu akaomba radhi kwa kila kimoja. Hata kwa ukungu.

Mimi nilifungua mdomo kueleza. Kila nikifungua, shangazi ananiwekea kikombe cha chai.

Zakia alikuwa amekaa juu ya godoro amekumbatia mto wake. Akauliza, kwa sauti safi kabisa, kwani baba hatalala na sisi tena?

 Kassimu akainamisha kichwa, nikaona bega lake moja linatikisika. Hakuwa anacheka.

Ndipo Mwalimu Fanueli akainua mkono kama mwanafunzi. Akasema samahani sana wazee, yeye ana swali moja dogo la shule, akijibiwa anaondoka. Je, Mama Zakia anaishi hapa, au anaishi kule chini kwa mume wake?

Nyumba nzima ikanigeukia.

Nikisema hapa, Kilimani tumeipata na ndoa imekwisha. Nikisema kule, ndoa imepona na Kilimani kwaheri. Na mimi nikafikiria! Aibu yangu, lakini nilifikiria. Muda wa kumeza mate tu, lakini nilifikiria.

Halafu nikapayuka. Naishi kwa mume wangu! Bondeni! Nyumba ya bati jekundu! Hajanikosea kitu, godoro ni la shule!

Nikamwaga yote, jiwe, karoti, mwangwi, kila kitu. Baba Mkubwa akauliza polepole, yaani yeye mzee amepanda mlima wote huu, kwa magoti yake haya, kwa ajili ya darasa la kwanza? Mzee mmoja akaanza kucheka, akapaliwa na chai, wakamfuata wote. Mwalimu Fanueli hakucheka. Alisema basi Zakia ni wa Bondeni, na Bondeni ni shule nzuri, akachukua maziwa yake. Mlangoni akampa Zakia mkono. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Wazee wakasema hata hivyo kikao hakifungwi bila hukumu, watu wametoka mbali. Mimi nitamchotea shangazi maji wiki nzima. Kassimu atamletea mzigo wa kuni. Fidia ya kukoroma.

Tumeshuka asubuhi hii. Kassimu kabeba godoro. Njia nzima watu wanatupongeza, Secilia kalia kabisa. Kassimu akatembea mbele mpaka kijitoni. Pale akatua godoro juu ya nyasi, akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema ungekataa. Akasema ndiyo, angekataa. Halafu angenisikiliza. Halafu angelibeba yeye hilo godoro.

Nimelia kidogo. Zakia kanifuta kwa mto.

Kuku amebaki kwa shangazi. Kakataa kushikwa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimenyooka. Hakuna ujanja tena. Zakia nimemwogesha, nimempaka mafuta mpaka magoti yanang'aa, cheti cha kuzaliwa nimekifunga kwenye kanga, moja kwa moja Bondeni.

Kufuli.

Tumesimama pale getini mpaka mlinzi akatuonea huruma, akatuuliza kama hatujui leo ni sikukuu, ni siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere. Zakia akauliza kama huyo mwalimu ndiye atakayemfundisha la kwanza.

Kurudi, kwenye kona, nani? Raheli na Happiness! Happiness kasukwa upya, magoti yanang'aa, wanaelekea Bondeni. Tukasimama. Tukatazamana magoti ya watoto.

Nikamuuliza Kilimani vipi. Akasema Kilimani aliichunguza tu, haikumpendeza, ina upepo. Nikasema hata sisi, upepo ule! Tukatikisa vichwa kwa ajili ya upepo. Nyumba yake na yangu zimeshikana ukuta, tuko upande uleule wa kijito. Sikumkumbusha. Naye hakuniuliza habari ya godoro, ingawa alijiuma midomo mpaka machozi yakamtoka. Huo ndio ujirani.

Tukakubaliana kesho twende pamoja, saa moja kamili.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, niwe wa kwanza.

Raheli alishafika. Kakaa kwenye ngazi za ofisi, Happiness kasinzia mapajani. Nikasema mbona tulisema saa moja? Akasema ndiyo, saa moja, yeye amekuja tu kuisubiri.

Mwalimu wa la kwanza akatokea kwenye ukungu na buti za mvua. Mwalimu Paskalina. Nikamtambua kwa mkono: ndiye yule wa jedwali! Hakuanza na sisi wazazi. Alichuchumaa mbele ya watoto, akawauliza, wakishajua kusoma, wanataka wasome nini. Happiness akasema Biblia ya bibi. Zakia akasema anataka kusoma yale mama anayoandika jioni huku anacheka peke yake.

Nikaganda. Mwalimu kanitazama. Raheli kanitazama zaidi.

Majina yakaandikwa. Happiness wa kwanza, Zakia anayefuata. Wale wawili hawakuangalia nani katangulia, walishashikana mikono wamekwenda kupiga ile rimu. Walikatazwa. Wakaipiga tena.

Nikauliza sweta la hapa ni rangi gani. Damu ya mzee. Na mimi nimeshamaliza mikono yote miwili ya kijani.

Jumanne, 14 Januari

Jana shule zimefunguliwa. Kassimu kaomba ruhusa Shume ili amsindikize, na kutoka kwetu hadi Bondeni ni kutupa jiwe. Kambebea begi. Ndani ya begi kulikuwa na daftari moja na muhogo.

La kwanza lina mikondo miwili, A na B. Zakia na Happiness wote wako A, kwa Mwalimu Paskalina, dawati moja. Jioni Zakia kaokota kijiti, kainama uani, kaandika a. Tumbo kubwa, mkia mfupi. Mimi na Kassimu tukaizunguka ile a kama watu waliookota almasi. Leo sijafagia uwanja.

Sasa nimejifunza. Naandika kabisa, nije nisome siku nikisahau. Shule ni shule. Mtoto akiwa na mwalimu mwema na rafiki, mama atulie. Sitalinganisha tena kitu chochote katika maisha yangu. Nimemaliza.

Ila leo bombani Raheli kasema chumba cha B ndicho kinachopata jua asubuhi. Cha A kimeelekea mlimani, watoto wanakaa na baridi mpaka saa nne. Mimi sijalinganisha. Kalinganisha yeye. Mimi nimefikiri tu, mtoto mwenye vidole vya barafu atashikaje penseli? Wenzake wa B watakuwa wamefika z, wa kwangu bado anapuliza mikono. Mwalimu Paskalina simkatai, ni mwema, lakini hawezi kuhamisha jua. Isipokuwa mtoto akiwa na kifua. Mtoto mwenye kifua lazima wamhamishie kwenye jua, huo ni utu.

Zakia hana kifua. Mzima kabisa, anakula kama mpasua mbao. Kwa hiyo tangu alasiri tumefunga mlango, tunafanya mazoezi ya kukohoa. Mwanzo alikuwa anacheka katikati. Sasa ameshika.

Tukipumzika, nasikia ukutani. Ng'ambo ya pili Happiness anakohoa, na mama yake anamwambia arudie.

Nimesikiliza kwa makini. Wa kwangu anakohoa vizuri zaidi.